Kazi Nyepesi

Tope lilikuwa limegandia chini ya tanki la kuchemshia, na Scholastika alikuwa amelikwangua upande mmoja tu. Alikaa kwenye kiti cha plastiki kilichowekewa mto, kikwanguo mkononi, ndoo kando ya goti. Kila akikwangua mara tatu aligeukia mlango wa nyuma, akavuta pumzi, kisha akarudi tankini.

"Umeona sasa?" alisema Mama Enoka akipita na suti tatu begani. "Kazi ya kukaa. Hata mimi naionea wivu."

"Asante, mama."

"Mto unatosha? Nikuletee mwingine?"

"Unatosha."

Mama Enoka, jina lake la ubatizo Penina, ndiye mwenye drai klina. Ilikuwa Musoma mjini, vyumba viwili na ua nyuma, na nguo zilitoka hata Bunda, zikifika kwa basi la asubuhi zikiwa kwenye mifuko ya salfeti yenye majina ya watu. Alikuwa mwanamke mwema. Hili linafaa kusemwa mapema, kwa sababu yaliyofuata yanaweza kumfanya msomaji asahau.

Mashine aliinunua ikiwa imeshatumika nchi nyingine, miaka ambayo hakuna aliyejua ni mingapi. Haikutumia maji. Ilitumia kitu kinachoonekana kama maji ila ni kizito zaidi, chenye harufu tamu inayopanda puani na kukaa huko. Kwenye pipa kilikuwa na jina refu la kigeni. Dukani kiliitwa dawa. Hakuna aliyekaa akaamua kiitwe hivyo. Kinachotoa doa ni dawa, kinachoua mende ni dawa, kinachotibu malaria ni dawa, na hiki nacho kiliingia humo humo bila kuulizwa.

Baada ya kufua, dawa ilichemshwa ili itumike tena. Uchafu wote wa wateja, mafuta ya shingo, mchuzi wa harusi, vumbi la barabara ya Butiama, ulibaki chini ya tanki kama uji mweusi. Uji huo ulikuwa bado umebeba dawa ndani yake. Ndio aliokuwa akiukwangua Scholastika, na ndoo ikijaa, Mwandu, fundi wa mashine, aliibeba na kuimwaga kwenye shimo nyuma ya ua.

Wiki mbili kabla ya hapo Scholastika hakuwa kwenye kiti hicho. Alikuwa chumba cha mbele, amesimama kwenye pasi ya mvuke. Kilichomhamisha ni karatasi.

Alikuwa na mimba ya miezi mitatu na nusu. Alikuwa na binti wa miaka sita, Hana, aliyezaliwa bila shida yoyote kabla hajaanza kazi hii. Baada ya kuanza kazi zilitoka mimba mbili, zote karibu na mwezi wa nne. Kila mtu alikuwa na sababu yake. Mama mkwe alisema ni kupanda bodaboda. Jirani wa Kigera alisema ni dagaa wa chumvi. Mumewe, ambaye alikuwa Kibara kwenye shughuli za uvuvi na alirudi kila wiki mbili, alisema ni Mungu tu. Scholastika alizisikiliza sababu zote na hakubishana na hata moja. Safari hii alichotaka ni kuvuka mwezi wa nne.

Basi akaenda kliniki. Nesi aliyempokea aliitwa Matrida, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole. Alimpima uzito, akamwandika kwenye kadi, akauliza kama anavyowauliza wote:

"Kuna dawa yoyote unatumia?"

"Natumiaga," alisema Scholastika. "Kila siku."

Kalamu ya nesi ilisimama. Akainuka, akafunga mlango, akarudi na sauti imeshuka zaidi.

"Umeanza lini, dada?"

"Mwaka wa tatu huu."

"Hujawahi kuacha?"

"Jumapili tu. Jumapili hatutumiagi, tunaenda kanisani."

"Dada yangu." Matrida alimshika mkono. "Kanisani nenda, lakini dawa usiache hata siku moja. Hata Krismasi. Unanielewa? Hiyo ndiyo itakayomlinda mtoto."

Scholastika alielewa maneno, ila hakuelewa sababu. Alijiuliza kama nesi amewahi kuingia drai klina. Lakini aliyevaa sare nyeupe ni yule, si yeye, akaitikia. Nesi alikuwa akifikiria dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi. Alimpongeza kwa ujasiri, akamtoa damu kidoleni kama utaratibu unavyotaka, wakasubiri kipimo.

Kipimo kilitoka safi. Matrida akakiangalia, akakigeuza, akatoa kingine, akarudia. Safi tena.

"Nani alikuanzishia dawa wewe?"

"Mama Enoka."

"Mama Enoka ni daktari?"

"Hapana. Ana drai klina."

Matrida akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza, akajifuta macho kwa pamba, na Scholastika naye akaambukizwa, wakacheka wote wawili huku wajawazito waliokuwa kwenye benchi nje wakijiuliza humo ndani kunagawiwa nini. Ilikuwa furaha ya kweli. Mtu aliyedhaniwa mgonjwa si mgonjwa. Na katika furaha hiyo, swali la dawa likapita. Hakuna aliyeuliza hiyo dawa ya drai klina ni kitu gani.

Kwa sababu ya zile mimba mbili, Matrida alimwandikia karatasi ya kumpelekea mwajiri: *Mama huyu apewe kazi nyepesi.* Akagonga muhuri.

Mama Enoka aliisoma karatasi hiyo mara mbili akiwa amesimama, na mara ya tatu amevaa miwani. Aliichukua kwa uzito. Alizunguka duka lake kwa macho akitafuta kilicho chepesi. Pasi ya mvuke ni nzito, na mtu husimama kutwa. Kubeba mizigo ya Bunda ni kuzito. Kutundika nguo juu ni kunyoosha mgongo. Kazi iliyobaki ambayo mtu anaifanya amekaa, polepole, bila kunyanyua kitu, ilikuwa moja: kuilinda mashine, kuiongezea dawa ikipungua, na kukwangua tanki.

"Mungu ni mwema," alisema Mama Enoka, na kesho yake akaleta kiti kutoka nyumbani kwake.

Ndivyo Scholastika alivyosogezwa kutoka chumba chenye harufu kidogo hadi chumba inakotoka harufu, kwa upendo, na kwa muhuri wa serikali.

Hakulalamika. Tangu utoto alikuwa mtu wa kuangalia kwanza. Nyuma ya daftari la Hana lililokwisha aliandika siku, na mbele ya kila siku neno moja. Wiki ya mwisho ya pasi: *sawa, sawa, kichwa, sawa, kichwa, kichwa.* Jumapili: *sawa.* Wiki ya kiti: *kichwa, kizunguzungu, kizunguzungu, kichwa, kutapika, kizunguzungu.* Jumapili: *sawa.* Akaitazama ile orodha muda mrefu. Mimba huleta kizunguzungu, hilo alilijua. Asichokijua ni mimba inayopumzika Jumapili.

Siku hiyo ya tope ilikuwa Alhamisi. Mwandu aliingia kuchukua ndoo.

"Shemeji, umejaza nusu tu? Siku hizi unakula mshahara wa kukaa."

"Chukua hivyo hivyo. Halafu nisomee hili pipa."

"Nisome? Mimi si mwalimu."

"Michoro basi. Huyu mtu hapa, ana nini kifuani?"

Mwandu aliinama. Kwenye pipa kulikuwa na alama ndani ya pembe nne nyekundu: kifua cha mtu, na katikati ya kifua kitu kimepasuka kama nyota.

"Nyota," alisema Mwandu bila kusita. "Ni kama hoteli. Hii ni dawa ya daraja la nyota."

"Na hii?"

Alama ya pili ilionyesha mti usio na majani na samaki aliyelala tumbo juu.

"Hiyo ni kusema usimwage ziwani. Na sisi hatumwagagi ziwani. Tunamwaga shimoni." Akanyanyua ndoo. "Halafu hata hapo shimoni inasaidia. Tangu nianze kumwaga, majani hayajaota tena. Mchwa walihama wenyewe. Juzi yule jirani mwenye kisima kaniomba chupa moja ya kunguni, walikufa wote siku hiyo hiyo."

"Kwa hiyo inaua kunguni."

"Papo hapo."

"Na mchwa."

"Na mchwa."

"Na majani."

"Shemeji, ni dawa! Kazi yake ni kuua vitu vibaya. Mtu haimfanyi kitu. Mimi si huyu hapa?" Akajipiga kifua, akakohoa, akatoka na ndoo yake.

Scholastika alibaki anaitazama ile nyota. Haikukaa kama nyota ya hoteli. Ilikaa kama kitu kinachovunjika kuanzia ndani.

Alikuwa bado anaitazama aliposikia sauti ya upole mbele dukani. Nesi Matrida alikuwa amekuja kuchukua suti ya mumewe. Mama Enoka, aliyelijua jina lake kutoka kwenye karatasi, alimpokea kama mgeni wa harusi.

"Nesi wetu! Njoo uone tulivyomtunza mtu wako. Karatasi yako tumeitii neno kwa neno."

Akamshika mkono, akampeleka nyuma. Matrida alifika mlangoni akasimama. Mkono wake ukaenda puani wenyewe.

"Nani kamweka hapa?"

"Wewe," alisema Mama Enoka kwa fahari.

"Mimi?"

"Kazi nyepesi. Anakaa. Hata mto anao."

Matrida alimtazama Scholastika, akaitazama ndoo, akainama mbele ya pipa. Zile alama alizijua. Chuoni walifundishwa, zikaulizwa kwenye mtihani, kisha hakukutana nazo tena.

"Hii ndiyo dawa uliyonitajia? Tuliyocheka?"

"Ndiyo hii," alisema Scholastika. "Na ukaniambia nisiache hata Krismasi."

Nesi alijiegemeza ukutani. Safari hii hakucheka.

"Mama Enoka, huyu asikae hapa hata dakika. Hiki kitu kinaingia kwa pumzi, kinaingia kwa ngozi. Kinagusa ini, kinagusa figo, na mimba kinaweza kuiharibu. Lete karatasi niandike upya."

Aliandika akiwa amesimama, karatasi juu ya pipa: *Mama huyu asikae karibu na dawa.* Mama Enoka akasoma, akavua miwani.

"Mjamzito asikae karibu na dawa? Na vile vidonge vya damu mlivyompa, aviweke nyumba ya jirani?"

Matrida akaivuta karatasi, akakata neno *dawa*, akaandika *sumu* juu yake.

"Sumu?" Sauti ya Mama Enoka ilipanda. Akachungulia mbele kama kuna mteja. "Nesi, mimi nimekukaribisha kwa heshima. Unaniandikia sumu kwenye duka langu? Watu wakiiona hii si watasema Penina anawafulia suti kwa sumu?"

"Na ndivyo unavyofanya."

"Mwaka wa sita niko na hii kitu! Ningekuwa nimekufa."

"Kichwa kinakuuma?"

"Kichwa kinamuuma kila mtu."

"Jumapili je?" aliuliza Scholastika kutoka kwenye kiti.

Mama Enoka alikunja vidole kimoja kimoja. Alionekana anahesabu kitu.

"Basi nimrudishe kwenye pasi," alisema baadaye. "Ila kule anasimama. Na karatasi ya kwanza inasema kazi nyepesi. Karatasi zako mbili zinagombana, nesi, mimi nifuate ipi? Na yapo majoho thelathini na mawili ya kwaya ya Butiama. Jumapili ni jubilei yao. Nani ataendesha mashine, nani atapiga pasi? Mwandu ana mikono miwili tu."

Hilo lilikuwa swali la kweli, na Matrida hakuwa na muhuri wa kulijibu. Akachukua suti ya mumewe, akaisogeza puani, akaishika mbali kidogo na mwili. "Hii nitaitundika nje kwanza," alisema, kama anayejiambia mwenyewe. Kisha akamgeukia Scholastika. "Tarehe yako ni Jumanne. Njoo hata kama hakuna kinachokuuma. Umesikia?"

Alipoondoka walibaki wanawake wawili na mashine inayonguruma.

Scholastika alisimama. Hakuwa amepanga kusema kitu, na alipokisema alikisema taratibu, kama anayesoma orodha.

"Mama Enoka, mimi sikai hapo tena. Sikugombezi. Umenitunza kuliko ndugu zangu. Lakini zimetoka mbili, na hii nayo ikitoka sitapata tena nguvu ya kuanza. Ukinifukuza, nitaenda. Humu sikai."

"Nani kasema nakufukuza?"

"Hakuna. Nasema tu."

"Sasa utafanya nini?"

Scholastika aliweka kikwanguo juu ya kiti. Alitoka uani, kwenye hewa, akakaa kwenye ukingo wa saruji karibu na salfeti la majoho. Kwa kuwa mikono yake haikuzoea kukaa bure, alitoa joho la kwanza, la zambarau lenye kola ya manjano, akaligeuza ndani nje. Ubavuni palikuwa na lebo ndogo. Kulikuwa na mchoro wa beseni, na ndani ya beseni mkono.

Akatoa la pili. Beseni. La tatu, beseni. La nne lilikuwa la kitambaa kingine, zito, labda la kiongozi wa kwaya, na beseni lake lilikuwa limekatwa kwa msalaba.

"Mama Enoka," aliita. "Haya majoho yanataka maji."

"Maji?" Mama Enoka alitokea mlangoni. "Watu wa Butiama wameleta drai klina wapate drai klina. Maji wanayo kwao."

"Imeandikwa hapa. Beseni na mkono."

"Najua imeandikwa. Siku zote imeandikwa." Alisema hivyo haraka, kisha akaonekana kujuta. Akasogea, akapunguza sauti. "Ukifua kwa maji mteja anajua. Anachukua joho analinusa. Likikosa ile harufu anasema hujafua. Mwaka juzi kuna mwalimu wa Bunda alinirudishia kaunda suti, eti hainukii usafi. Ile harufu ndiyo drai klina, Skola. Zingine ni sabuni tu, na sabuni kila mtu anayo."

Scholastika aliinuka. Aliburuta beseni kubwa hadi bombani, akafungua maji. Mama Enoka akamkimbilia.

"Acha! Kufua ni kazi nzito! Karatasi inasema nini? Mwandu! Mwanduuu!"

Ndivyo ilivyotokea kwamba saa nane mchana mashine ilizimwa kwa mara ya kwanza siku ya kazi, na fundi wake akawa amekunja suruali magotini, amezamisha mikono kwenye povu la zambarau.

"Msukuma mzima," alisema Mwandu, "nimesomea mashine, nafua magauni ya wanakwaya."

"Majoho," alisema Scholastika. Yeye alikaa kwenye ukingo wa saruji akisoma lebo na kutenga: ya beseni huku, ya msalaba kule.

"Gauni ni gauni. Nyumbani wakisikia, sijui nitajificha wapi."

"Sugua kola."

"Nasugua kola, shemeji. Unaona sisugui?"

Mama Enoka alisimama kwenye kivuli cha paa, mikono kiunoni. Hakukubali na hakukataa. Joho la kwanza lilipokauka upande mmoja alilitoa kwenye kamba, akalipeleka puani, akalinusa kwenye kola, kwapani, kwenye pindo.

"Halina harufu."

"Ndiyo," alisema Scholastika.

"Watasema hatujafua."

"Waambie wanuse tena."

Mama Enoka akalinusa tena yeye mwenyewe, safari hii macho yamefumbwa, muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Akalirudisha kwenye kamba.

"Haya ya beseni, sawa," alisema. "Nitaongea na mwenyekiti wa kwaya, nitamwambia ni dawa mpya isiyonuka. Lakini suti za Bunda haziwezi maji, unajua. Na yale ya msalaba. Kesho saa mbili mashine lazima iwake."

"Ikiwaka nitakuwa huku nje."

"Na mvua ikinyesha?"

"Nitasogea barazani."

"Na nani atakwangua?"

Mwandu alijifanya anasuuza.

Kufikia saa kumi na moja mawingu yalikuwa yamejaa upande wa ziwani, na kamba ilikuwa na majoho kumi na moja, mengine bado yanachuruzika. Mwandu alimwaga maji ya mwisho, akanyoosha vidole vyake vilivyojikunja kwa unyevu, akasema mwili umemwisha. Mama Enoka alifunga madirisha ya mbele. Kisha akasimama, akafungua lile la chumba cha mashine, ambalo tangu duka lianze lilikuwa limezibwa na kabati. Ilimbidi alisukume kabati kwa bega. Hakumwita mtu amsaidie.

Scholastika alikuwa ameshasoma lebo kumi na tisa. Alitaka kumaliza, lakini mwanga ulikuwa unapungua na michoro ile ni midogo. Beseni lenye msalaba na lisilo na msalaba yalianza kufanana. Hakutaka kukosea. Akarudisha majoho kumi na matatu yaliyobaki ndani ya salfeti, akalifunga kwa kamba, akaliinua kidogo kupima uzito wake, akakumbuka, akaliacha chini.

"Mwandu atalibeba," alisema Mama Enoka.

"Liache hapo barazani. Kesho nitaanzia hapo."